Anyonyaye

Kamwene, wazee wangu, akina mama na vijana wa Iringa.

Naanza na neno moja: anyonyaye. Limo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 15. Sauli, mfalme wa Israeli, anaagizwa kwa jina la Mungu awaangamize Waamaleki, na katika orodha ya wa kuuawa yumo anyonyaye, yaani mtoto mchanga. Jumapili moja aya hii ilisomwa ibadani nikiwa nimekaa karibu na mama anayenyonyesha. Aliinua kichwa, akavuta kitenge, akamfunika mtoto kama anayemkinga na baridi. Mhubiri akapitiliza, akahubiri utii. Tangu siku hiyo aya ile hainipiti hivi hivi.

Tazameni Sauli anavyohukumiwa. Ananyang'anywa ufalme kwa kumwacha hai mfalme Agagi na kondoo walionona. Habari za wachanga, hakuna anayeuliza. Na kosa lenyewe, la kuwashambulia Waisraeli, walilitenda mababu wa Waamaleki hao, zamani za safari ya Waisraeli kutoka Misri, ilhali Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba yake.

Watetezi husema mtoa uhai ana haki ya kuuchukua. Sawa, ana haki. Lakini hapa anamkabidhi mtu upanga, na mtu huyo jioni atarudi nyumbani ampakate wa kwake. Kwa mikono ile ile?

Wapo wasomi wasemao hayo ni majigambo ya vita tu. Hoja hii ina uzito. Waamaleki hao hao wanazuka tena sura ya 30, wakiuchoma mji wa Siklagi. Farao Merneptah naye, yapata mwaka 1208 KK, alichonga kwenye jiwe kwamba mbegu ya Israeli haipo tena, ilhali Israeli iliendelea kuwepo. Basi pengine waliouawa ni wachache kuliko maandishi yanavyodai. Hilo lamtosha mwanahistoria. Mimi ninayewafundisha watoto kwamba agizo lile lilikuwa jema, halinitoshi.

Mwaka 1868 huko Dhiban, ng'ambo ya Yordani, lilionekana jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu. Anajisifu kwamba mungu wake Kemoshi alimwagiza autwae mji wa Nebo kutoka kwa Israeli, naye akaua watu 7,000, wanaume kwa wanawake, kuwa wakfu kwa mungu. Nani humu atamtetea Mesha? Sioni mkono. Kipimo mlichomhukumia Mesha sasa hivi, kishikeni hicho hicho mkifungua Samweli.

Nasi tunavijua vita vya namna hii. Wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake huko Ubena hakuwahi kushika mkuki. Tunauita uovu, wala hatuulizi kwanza ni nani aliyetoa amri.

Kwa hiyo nasema waziwazi, nami ni muumini: kumuua anyonyaye hakuhalalishwi, hata jina la Mungu likitajwa.

Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni kama kuhoji hivi ni kukosa imani. Mwanangu, usiku wa leo soma Mwanzo 18. Abrahamu anaitetea Sodoma: hamsini, arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Anarudi mara sita, na Mungu hamkemei hata mara moja.