Kiti Kitupu cha Kipindi cha Pili

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, shikamooni. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili kanisani, msikitini, hata matangani: Texas ilipe shule kwa watoto walioandikishwa, si kwa waliohudhuria. Nitalisema tena, kwa sababu bunge la Texas hukutana mara moja kila miaka miwili, siku 140 basi. Kikao kijacho kinaanza Januari 2027. Kabla ya hapo bodi ya wilaya yetu ya shule inapitisha orodha ya mambo itakayoyadai Austin, bunge linakokutana. Ikishapitishwa bila sisi kusema, tumeshachelewa.

Nianze na binti mmoja wa darasa la nane. Mama yake alikuwa na miadi kliniki, Kiingereza hakijui, akamwambia binti, "Leo shule basi, twende ukanitafsirie." Wakatoka saa mbili asubuhi, wakarudi nyumbani saa sita, binti akaingia jikoni, siku ikaisha. Nilipomuuliza, mama alinijibu, "Ni siku moja tu, kaka." Simlaumu. Angemchukua nani mwingine?

Sasa tuifuate hiyo siku moja. Texas hailipi wilaya kwa hesabu ya watoto walioandikishwa. Inalipa kwa wastani wa waliohudhuria. Kila siku kuna dakika maalumu, mara nyingi katika kipindi cha pili, ambapo mwalimu anahesabu waliopo. Aliyepo dakika ile amehesabiwa, hata akiondoka baadaye. Aliyekosekana bila sababu inayotambuliwa na sheria hana hesabu, hata akiingia mlangoni robo saa baadaye akihema. Majimbo mengi ya Marekani hayafanyi hivi. Texas ni miongoni mwa machache.

Mgawo wa msingi ni dola 6,215 kwa mtoto kwa mwaka. Chukueni shule ya watoto 500, ambayo kwa wastani watoto 40 hawapo kila siku. Zidisheni wenyewe: dola 248,600. Zimekwenda! Na hapo sijagusa nyongeza ya watoto wanaojifunza Kiingereza, yaani wa kwetu, ambayo ni angalau asilimia 10 ya mgawo huo. Nawauliza: siku ile mwalimu alipunguziwa mshahara? Basi lilikunywa dizeli kidogo? Kiyoyozi kilipoza nusu ya darasa? Tena wale 40 wa Jumatatu si wale 40 wa Jumanne. Huwezi kufunga darasa moja ukasema umeokoa kitu. Shule inaajiri kwa watoto 500 na kulipwa kwa 460.

Na wanaokosekana ni akina nani? Ni mwenye pumu. Ni anayebaki na mdogo wake kwa sababu mama ana zamu ya usiku. Ni huyu binti mkalimani. Kwa hiyo shule yenye mzigo mzito ndiyo inayokatwa zaidi. Miaka yote hii nazunguka nalo neno hili, na bado nakutana na watu wazima wananiambia ni mambo ya ofisini.

Kuna atakayesema: wakilipa kwa walioandikishwa, wazazi na shule watalegea. Hapana. Sheria ya mahudhurio ya lazima ipo, kuanzia miaka 6 hadi 19, na hakuna atakayeifuta. Kinachobadilika ni kwamba mtoto akiugua mafua, darasa zima halitozwi faini.

Lakini kabla sheria ya malipo haijabadilika, mama, kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bure. Sema, "Swahili interpreter." Yajifunzeni maneno hayo mawili hata kama hamjui mengine. Na mtoto akiwa yeye ndiye mgonjwa, mpelekeni kwa daktari, mrudisheni shule siku ileile na karatasi ya daktari. Sheria inamhesabu kuwa alikuwepo.

Haya, pingamizi la pili: "Sisi ni wapangaji, fedha za shule zinatoka kwa wenye nyumba." Kiswahili chetu kinaita yote mawili kodi, na hapa kimesema kweli. Kodi unayompa mwenye nyumba imebeba ndani yake kodi ya majengo anayoilipa wilaya. Unalipa. Kwa hiyo una haki ya kuuliza.

La tatu: "Sisi wageni, tusijitie." Mwaka 1975 jimbo hili lilitunga sheria ya kuruhusu shule kuwakataa watoto wasio na karatasi za uhamiaji. Kesi ikatoka mji wa Tyler, hapahapa Texas, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mtoto asifungiwe mlango wa shule. Na kabla ya kesi hiyo walikuwepo wazazi wa Edgewood, wilaya ya shule katika mji wa San Antonio. Mwaka 1968 Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati, alishtaki pamoja na wenzake, wakipinga mfumo wa fedha za shule. Edgewood walijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, wakapata dola 26 kwa mtoto. Jirani zao wa Alamo Heights walijitoza senti 85, wakapata dola 333! Maskini anajibana zaidi na bado anabaki na kidogo. Mwaka 1973 walishindwa huko Washington, katika Mahakama Kuu ya Marekani, kura tano kwa nne. Hawakulala. Edgewood ilirudi, safari hii katika mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1989 majaji wote tisa wakakubali kwamba mfumo ulivunja katiba ya Texas. Sheria ya 1993 ya kuchukua sehemu ya mapato ya wilaya tajiri ilitokana na hapo.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka. Mwaka 2025 mgawo wa msingi uliongezwa dola 55, baada ya kukaa pale pale tangu 2019. Kwa mtoto mmoja, mwaka mzima, dola 55! Mwaka huohuo zilitengwa dola bilioni 1 kwa vocha, yaani fedha za umma za kulipia shule binafsi. Nilitaka kuzungumza vocha kwa kirefu. Tutazirudia siku nyingine.

Leo nawaomba mwende kwenye mkutano wa bodi, mjiandikishe kuzungumza, mdai kwamba malipo kwa walioandikishwa yawe jambo la kwanza kwenye orodha. Mswada ukifika kamati ya elimu Austin, mtu wa kawaida anaruhusiwa kujiandikisha na kutoa maoni. Si lazima awe raia.

Na fomu ya chakula cha mchana, jamani. Hata kama shuleni kwenu watoto wote wanakula bure, ijazeni, kwa sababu kipato mnachoandika ndicho kinachoiletea shule nyongeza ya watoto wenye uhitaji. Ninazo hapa, na kalamu ninazo. Njooni meza ya nyuma tujaze pamoja, tuanze na akina mama wenye watoto wachanga.