Lundo Likinuka, Msilifukie

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Mwaka wetu wa kwanza lundo la mboji lilinuka mpaka majirani wakaja getini. Tulikuwa tumemwaga makoko ya ugali, maharage yaliyochacha na maganda ya ndizi, ndoo juu ya ndoo, bila kikavu chochote. Ikaamuliwa lifukiwe. Niliomba wiki mbili, nikawaachia kidato cha pili walichunguze.

Binti mmoja akachota konzi, akaikamua. Maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akasema, "Mwalimu, hili halipumui." Ndilo hilo! Bakteria wanaoozesha taka vizuri wanahitaji hewa. Wakiikosa, wanashika nafasi wale wasioihitaji, na hao ndio wanaoleta uvundo na gesi ya methani. Tukaenda kwa maseremala kuomba maranda, tukayachanganya na majani makavu ya mwembe, tukageuza kwa koleo mpaka jasho likatutoka. Siku chache baadaye harufu ilikata.

Hapo ndipo nilipoandika ubaoni: kaboni 30 kwa naitrojeni 1. Ningeianza siku ya kwanza, wangeikariri tu. Kaboni hutoka zaidi kwenye vikavu, naitrojeni kwenye mabaki ya jikoni. Kwa mikono ni ndoo moja ya mabaki ya jikoni, mbili au tatu za vikavu.

Tulichomeka pia fimbo katikati ya lundo. Kila asubuhi mmoja anaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Lundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Ikipoa, geuzeni. Vichwa vya sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni, hapa Mwanza, msianze navyo, panya na korongo watawatangulia.

Sasa, kwa nini nahangaika hivi? Mvua ikinyesha, kilichotupwa mtaroni kule Mabatini kinaingia Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria. Naitrojeni na fosforasi ambazo zingestawisha mchicha wetu zinakwenda kulisha magugu maji, na mvuvi anashindwa kupitisha mtumbwi. Hilo linaniuma, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi.

Baada ya chai tutatoka nje. Nimeleta ndoo mbili za lundo, moja nimeiharibu makusudi. Kamueni zote mbili, nuseni, halafu mniambie ile mbovu imekosa nini.