Chuma Ndani ya Shingo: Kuokoa Gitaa la Umeme Ambalo Trasi Rodi Yake Imeharibika

Wanamuziki, mafundi wenzangu na wanafunzi mliofika jioni hii, karibuni na asanteni. Gitaa la umeme lililofungwa nyuzi za kawaida, zile za unene wa kuanzia sehemu 10 hadi 46 za elfu moja za inchi, huvutwa mchana na usiku kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45, hata likiwa limetundikwa ukutani bila mtu kuligusa. Kinachoizuia shingo yake ya mbao isijikunje kama upinde ni chuma chembamba kilichofichwa ndani, ambacho sisi mafundi tumezoea kukiita trasi rodi. Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni ya Gibson nchini Marekani, alipewa hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1923. Nimeombwa nieleze namna ya kukitengeneza kinapoharibika, na ningependa kusema mapema kwamba kazi hii, ingawa hupelekwa kwa watu wa mbao, kwa sehemu kubwa ni kazi ya chuma, na jiji hili la Nairobi lina mafundi chuma hodari ambao sisi wa gitaa hatujawatafuta vya kutosha.

Chuma hicho hulala katika mfereji uliochongwa chini ya ubao wa freti, yaani ubao wa mbele wa shingo wenye vipande vyembamba vya chuma ambapo nyuzi hubanwa. Ncha moja imeshikizwa kwenye mbao isitoke, na ncha ya pili ina hesi, yaani mikato ya kuzunguka kama ya skrubu, pamoja na nati, ama upande wa kichwa cha gitaa, ama kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na kiwiliwili. Nati inapokazwa, chuma huirudisha shingo nyuma, kinyume cha mvuto wa nyuzi. Magitaa mengi ya siku hizi yana vyuma viwili vilivyounganishwa, vinavyoweza kuisukuma shingo pande zote mbili.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Januari na Februari hapa ni kavu. Gitaa lililozoea unyevu wa Mombasa likiletwa huku, mbao zake hupoteza maji, shingo hubadilika umbo, na mwenyewe akiona nyuzi zimeachana na freti, hushika spana. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo nilipokuwa mchanga katika kazi. Nilikaza nati ya gitaa la kijana mmoja mpigaji wa kanisani, nyuzi zote zikiwa bado zimevutwa, nikasikia sauti ya kitu kukatika, na nati ikaanza kuzunguka bila uzito wowote. Nilimweleza ukweli siku ile ile na nikamlipia shingo nyingine. Jambo ambalo sikulifahamu wakati ule ni kwamba nati haikuundwa ili iipinde shingo kwa nguvu zake. Kazi yake ni kuishikilia shingo ambayo tayari imenyooshwa. Leo hulegeza nyuzi kwanza, nikainyoosha shingo taratibu kwa klampu na kipande cha chuma kilichonyooka, ndipo nikazungusha nati, tena robo mzunguko tu kwa wakati mmoja.

Gitaa lenye tatizo linapoletwa, naomba tusikimbilie kusema kwamba chuma kimekatika, kwa maana mara nyingi hakijakatika. Ifungueni nati, muitoe nje na kuichunguza kwenye mwanga. Ikiwa tundu lake la pembe sita limelika hadi likawa duara, kilichoharibika ni nati peke yake. Ikitoka ikiwa na unga wa shaba ya manjano unaong'aa, basi hesi za nati ndizo zilizokwisha, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma, na tunapaswa kushukuru kwamba ilikubali kuumia kwanza. Ikitoka na kipande cha chuma ndani yake, hapo ndipo tunajua kwamba chuma kimekatika, na karibu kila mara hukatikia kwenye hesi, ambako ni kwembamba zaidi. Lakini chuma chote kikizunguka pamoja na nati, tatizo liko kwenye ncha ya mbali, iliyoachia mbao.

Kubadilisha nati kunaonekana rahisi, na ndiko kunakowaponza wengi. Magitaa mengi ya Kimarekani yana chuma chenye hesi za kipimo cha inchi: kipenyo cha milimita 4.8, na hesi 32 katika kila inchi. Nati ya milimita 5 utakayoipata katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road ina hesi zenye nafasi ya milimita 0.8, ilhali zile za Kimarekani zina nafasi ya milimita 0.79. Kwa hiyo itaingia, itazunguka vizuri, na utaamini kwamba umepata yenyewe. Kumbe inashika vilele vya hesi tu, na siku shingo itakapohitaji kushikwa kwelikweli, itateleza na kuharibu chuma kilichokuwa kizima. Pimeni kwa kaliba, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kununua.

Chuma kikiwa kimekatika kwenye hesi, tunatafuta sehemu nzima ya chuma hicho hicho nyuma ya palipokatika. Tunatumia bomba dogo la chuma lenye meno mdomoni, ambalo hupita juu ya trasi rodi kama ala juu ya kisu na kula mbao zinazoizunguka, kwa kina cha kama milimita 12. Fundi mzuri wa Kamukunji, eneo la mafundi chuma hapa Nairobi, anaweza kukuchongea bomba hilo ukimpelekea kipimo. Baada ya hapo chuma kilichofichuliwa huchongwa hesi mpya, kwa mafuta na kwa subira, mbele kidogo na nyuma kidogo ili vumbi la chuma lisizibe. Kisha huwekwa washa nene (kipete bapa cha chuma), kipande cha bomba la shaba cha kujaza urefu uliopotea, na nati yenye grisi kidogo. Uangalifu mkubwa unahitajika pale ambapo nati iko upande wa kichwa, kwa sababu hapo shingo ni nyembamba sana, na kila mbao unayoiondoa unaiondoa mahali ambapo magitaa huvunjikia yanapoanguka.

Kuung'oa ubao wa freti kwa joto ili kutia chuma kipya ni hatua ya mwisho kabisa. Kama shingo imefungwa kwa skrubu, kwa kawaida humshauri mwenye gitaa anunue shingo nyingine. Kwa shingo iliyogundishwa kwenye kiwiliwili, kazi hiyo ya kuung'oa ubao inastahili kufanywa.

Shingo iliyo hapa mezani imekatika chuma kwenye kisigino, na bomba la kukatia liko tayari. Naomba walio mstari wa mbele wasogee, tuanze kwa kuifungua nati.