Kusimama ndiyo kazi: kupiga picha za mitaa ya Dar es Salaam kwa baiskeli

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naona wengi mmekuja na kamera na wachache mmekuja na baiskeli. Afadhali ingekuwa kinyume. Kamera ya simu inatosha kabisa kwa kazi hii, lakini baiskeli mbovu itakumalizia asubuhi nzima kabla hujapiga picha hata moja.

Baiskeli mjini haina faida ya kukupeleka mbali. Faida yake ni kusimama. Mwenye gari akiona jambo Kariakoo, mpaka apate pa kuegesha, jambo lenyewe limeshakwisha. Wa kwenye daladala anaona kisogo cha abiria mwenzake. Wa miguu anasimama atakapo, ila akitoka Feri mpaka afike Ilala jua limeshampanda utosini. Mwenye baiskeli anashusha mguu chini, basi, amefika. Kwa hiyo kila nitakachosema leo, iwe breki, mkanda wa kamera au njia ya kupita, nakipima kwa swali hilo moja: kinakusaidia kusimama upesi na salama?

Tuanze na chombo. Zile Phoenix za inchi 28 zenye breki za vyuma watu wanazidharau bure. Unakaa wima, unaona juu ya bajaji, una keria, na ukishusha stendi baiskeli inabaki imesimama yenyewe mikono yako ikiwa huru. Kasoro yake ni mvua. Raba za breki zinabana rimu ya kromu kwa ndani, na kromu ikilowa inateleza. Utakamua breki na baiskeli itaendelea na safari yake. Siku ya manyunyu bana breki kidogo kidogo mapema ili raba ifute maji kwanza, halafu ndipo ubane kwa nguvu. Kwa baiskeli za gia za inchi 26, hakikisha raba iko kama milimita mbili kutoka kwenye rimu pande zote mbili, na ukikamua mpini wa breki usigonge usukani. Ukigonga, waya umelegea: zungusha kwa vidole ile nati ya kwenye mwisho wa waya, kwa upande wa kuifungua, mpaka waya ukaze; huhitaji fundi.

Kiti kishushwe. Wanaokimbiza baiskeli wanakipandisha mpaka mguu unyooke, na kwa mbio wana haki. Sisi tunataka tukiwa tumekaa, nyayo ziguse chini. Utachoka magoti mapema kidogo, lakini hutaanguka ubavu ukiwa na kamera shingoni.

Upepo wa tairi ndio unaoumiza wengi. Tairi ya 26 kwa 1.95 kwenye lami na matofali ya pembeni, jaza psi 40 hadi 45 kwenye geji. Ukivuka kwenda kwenye mchanga wa Kigamboni punguza hadi 30. Lakini ukirudi mjini na huo upepo mdogo, ukagonga ukingo wa barabara, tyubu inabanwa kati ya rimu na zege na inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo usihangaike kutafuta msumari. Ukiona tundu moja, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote kabla hujarudisha tyubu, maana mbigili bado imo humo na itatoboa kiraka chako hatua mia mbili mbele.

Kamera usiiweke kwenye kikapu cha mbele wala kwenye keria. Mtikisiko unalegeza skrubu ndogo za lenzi, na picha zinaanza kufifia upande mmoja bila wewe kujua kwa nini. Simu nazo si salama zaidi: mwaka 2021 Apple wenyewe walitahadharisha kwamba mtikisiko mkali wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kifaa cha kutuliza picha. Baiskeli si pikipiki, lakini barabara za vumbi za Buguruni mnazijua. Mwili wako ndio springi nzuri kuliko zote. Vaa mkanda mshazari, uufupishe ili kamera ikae mgongoni chini ya kwapa, upande wa kushoto, mbali na magari. Wakwapuzi wa pikipiki wanapita kulia kwako, na simu iliyobanwa kwenye usukani ni zawadi kwao.

Kitu kingine kinachowaponza waliolala kwenye kiyoyozi: unatoka nje alfajiri, hewa ya pwani ina unyevu, lenzi inafunga ukungu papo hapo. Ukifuta unaongeza michirizi. Usiku funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, utoke nayo hivyo hivyo, uifungue baada ya nusu saa ikishapata joto la nje.

Sasa mwanga. Novemba jua la Dar huchomoza karibu saa 12 kamili asubuhi. Julai linachelewa hadi kupita saa 12 na nusu. Huku kwetu jua halichomozi kwa mshazari kama Ulaya, linapanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa. Ule mwanga laini wa dhahabu unaousikia kwenye mafunzo ya wazungu kuwa ni wa saa nzima, hapa una dakika 25 au 30, basi. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya kichwa: nguzo haina kivuli na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Saa kama hizo ingia chini ya mabaraza. Kivuli cha baraza la nyumba ya Kiswahili, na ukuta wa ng'ambo unaorudisha mwanga wa jua, ndiyo studio ya bure. Kwenye simu bonyeza uso wa mtu na ushikilie mpaka kipimo kijifunge, la sivyo kamera itapima barabara inayowaka na fundi cherehani wako atatoka kama mkaa.

Kwa wenye kamera yenye lenzi ya milimita 35 na sensa kubwa: weka tundu la lenzi f/8, fokasi mita 3, uiache hapo. Kila kilicho kati ya mita 2 na 7 hivi kitatoka wazi, bila ukungu. Juani weka ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, 400; shata itakuwa karibu 1/1600 ya sekunde. Ukiingia kivulini panda ISO, usishuke chini ya 1/250 kwa mtu anayetembea. Hivyo ukishashusha mguu huna cha kurekebisha, unainua na kubonyeza.

Kuna picha moja inayotaka kinyume chake: mnoa visu. Mtazameni vizuri siku mkimkuta. Anainua gurudumu la nyuma kwa stendi, mkanda unatoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la duara lililofungwa juu ya fremu karibu na usukani, naye anakanyaga pedeli akiwa amekaa huku kisu kiko mkononi. Baiskeli imegeuka kiwanda. Ukimpiga kwa 1/1000, cheche zinakuwa vitone vidogo vya vumbi na jiwe linaonekana limesimama, kama vile anaigiza. Shuka hadi 1/60, bana viwiko mbavuni, pumua nje, piga tatu au nne mfululizo. Cheche zitatoka kama nyuzi. Zunguka mpaka nyuma yake pawe na kivuli, mlango mweusi au kibanda, kwa sababu cheche mbele ya ukuta mweupe hazionekani kabisa. Na kabla ya yote hayo mpelekee kisu. Anakinoa chako huku unapiga, mmemaliza biashara na maongezi kwa pamoja.

Hapo ndipo adabu inapoingia. Mzee aliyekaa barazani anacheza drafti kwa vizibo vya soda, shuka kwenye baiskeli kwanza. Salamu ya mtu aliye juu ya kiti ni salamu nusu. "Shikamoo mzee, naomba picha ya mchezo wenu" inatosha. Akikataa, "haya mzee, asante", endelea na safari. Mimi sishauri kulipa pesa kwa picha: ukilipa mmoja, kesho kijiwe kizima kinauza sura. Kunywa kahawa yao, nunua kashata. Halafu safisha picha ya sentimita 10 kwa 15, urudi nayo. Watoto usiwapige mpaka mzazi akubali, hata wakikuzunguka wakipiga kelele "tupige, tupige".

Maeneo mengine kamera ibaki begini: Ikulu, bandari, kivuko cha Magogoni, kambi za jeshi na vituo vya polisi. Tabu ni kwamba Ikulu, kivuko na soko la samaki la Feri viko jirani kabisa, na mnada wa samaki alfajiri ni mtamu kwelikweli. Omba ruhusa kwa uongozi wa soko, kaa ndani ya soko, lenzi iangalie samaki na watu, isielekee kwenye kivuko.

Njia. Kutoka Feri kupita Samora, Mnazi Mmoja hadi Kariakoo ni kama kilomita tatu. Saa tatu ndani ya kilomita hizo tatu zitakupa picha nyingi kuliko kwenda Bunju na kurudi. Njia za mwendokasi si zako, hata zikiwa tupu. Basi linakuja kwa kasi na dereva wake hakutegemei hapo. Pembeni ya barabara ya Morogoro iko njia ya baiskeli tangu awamu ya kwanza ilipoanza 2016, ila mtagawana na bodaboda na meza za matunda. Daladala iliyosimama usiipite upande wa kushoto: konda anaruka, abiria anafuata, na wewe ndiye unayewapokea. Mtaa wa Kongo shuka ukokote, hakuna namna nyingine. Wakati wa masika usijaribu kukatiza Jangwani mto Msimbazi ukiwa umejaa. Maji yanaficha mashimo, na kinachoelea humo hutaki kiingie kwenye gololi za pedeli.

Ukifika Kariakoo usisahau kutazama juu. Soko kuu alilolibuni Beda Amuli miaka ya 1970 lina paa la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, linalokinga maji ya mvua. Jengo hilo liliungua Julai 2021, na picha za kawaida za kabla ya hapo, zenye mchicha na mizani mbele, sasa zina thamani ambayo aliyezipiga hakuitarajia. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zinaondoka moja moja na ghorofa zinapanda. Chagua nyumba tano tu. Zipige kila baada ya miezi mitatu kutoka pale pale: gurudumu la mbele liguse nguzo ile ile ya umeme, kamera iwe kwenye kimo cha usukani, lenzi ile ile. Kwenye maelezo andika tarehe, jina la mtaa na mtaa wa karibu unaokatiza, kwa mfano Sikukuu na Mkunguni. "Kariakoo 2" si maelezo. Baada ya miaka kumi hata wewe hutajua ulisimama wapi.

Kabla ya maswali tutoke nje kidogo, kuna ndoo ya maji na tyubu zilizotoboka. Zamisheni tyubu, tafuteni povu, kausheni, piga msasa eneo linalozidi kiraka, paka solusheni nyembamba. Halafu subirini dakika tano mpaka isishike kidole. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, ndiyo maana kiraka kinang'oka kabla ya Ilala.