Tasnifu ya Afya ya Jamii: Kazi Inaanza Kabla ya Kwenda Kijijini

NEEMA: Habari zenu, karibuni. Tunarekodi kutoka Dodoma, mimi Neema na kaka yangu Yohana. Leo tunaongea na wanaosoma uzamili wa afya ya jamii kwa kozi na tasnifu. Mitihani ya darasani wengi wanaimaliza. Wanakwama kwenye tasnifu.

YOHANA: Na mlolongo wenyewe si siri, dada. Unafaulu kozi, unapangiwa msimamizi, unaandika andiko la utafiti na kuliwasilisha idarani. Unaomba kibali cha maadili. Unakusanya data, unachakata, unaandika. Tasnifu inasomwa na mtahini wa ndani na wa nje, unaitetea, unafanya masahihisho, unakabidhi nakala. Vyuo vingine vinataka na makala ya jarida juu yake. Kanuni zinatofautiana, kwa hiyo chukua za chuo chako uzisome mapema.

NEEMA: Sasa tuchukue mfano wa huku kwetu. Mtu anataka kuchunguza udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, kwa watoto chini ya miaka mitano, tuseme Chamwino au Bahi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa umri huo nchini wamedumaa. Anahitaji watoto wangapi?

YOHANA: Hapo ndipo wengi wanajifunga bila kujua. Ukitumia hiyo asilimia 30, na ukakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, hesabu inakupa watoto 323. Unafurahi. Lakini hutawapata kwa kuokota mmoja mmoja wilaya nzima, utachagua vijiji kwanza. Na watoto wa kijiji kimoja wanakunywa maji ya kisima kimoja, wanakula mazao ya mvua ileile, kwa hiyo wanafanana, na kila mmoja anakuongezea taarifa mpya kidogo tu. Inabidi uzidishe idadi, labda kwa 1.5. Umefika 485. Kadiria asilimia 10 watakataa au watakuwa wamesafiri, kwa hiyo gawa kwa 0.9. Umefika 539.

NEEMA: Na unajilipia mwenyewe ada.

YOHANA: Unajilipia ada, wasaidizi, mafuta ya pikipiki, mbao za kupimia urefu. Ndiyo maana nasema ukubwa wa swali uuamue pamoja na msimamizi wako ukiwa bado mezani. Kata moja iliyofanyiwa kazi vizuri inatosha kabisa kwa tasnifu ya uzamili. Usiahidi mkoa mzima.

NEEMA: Halafu upimaji wenyewe una masharti yake. Mtoto chini ya miaka miwili anapimwa amelala, aliyezidi hapo anasimama. Ukimsimamisha wa kulala, urefu unapungua kama sentimita 0.7, na kwa mtoto mdogo hiyo inaweza kumhamisha kutoka mzima hadi aliyedumaa. Umri nao uutoe kwenye kadi ya kliniki. Mama akikwambia tu "alizaliwa wakati wa kupalilia", kaa naye, tafuteni mwezi pamoja. Mtahini wa nje atauliza ulipataje umri, na ana haki ya kuuliza.

YOHANA: Twende kwenye vibali.

NEEMA: Vibali vina ngazi mbili na watu wanazichanganya. Kibali cha maadili kinatoka kwenye kamati ya chuo, au NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa kibali cha kitaifa. Hicho kinasema utafiti wako hautamdhuru mtu. Ruhusa ya kuingia eneo ni jambo jingine: barua ya utambulisho kutoka chuoni, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Kila ofisi ina siku zake.

YOHANA: Na mvua haisubiri barua. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Barua zikikamilika Januari, utafika kaya ukute mlango umefungwa, mama yuko shambani tangu alfajiri. Tena chakula cha Februari si cha Juni. Udumavu wenyewe haubadiliki ndani ya miezi michache, ila ukiuliza mtoto alikula nini jana, jibu la kabla ya mavuno na la baada yake ni tofauti sana. Andika mwezi uliokusanya, na ueleze kwa nini ulichagua mwezi huo.

NEEMA: Naomba nibaki kwenye ridhaa kidogo, maana linaniuma. Mwanafunzi anafika na barua yenye muhuri, ameongozana na mwenyekiti. Mama anaona serikali imekuja. Akiweka dole gumba kwenye fomu, hapo amekubali au ametii?

YOHANA: Ametii.

NEEMA: Basi mwenyekiti akikuonyesha kaya, mwombe kwa heshima arudi. Salimia, kaa chini, eleza kwa Kiswahili chepesi. Kwa bibi asiyekielewa vizuri, uwe na msaidizi anayeongea Kigogo. Mwambie waziwazi anaweza kukataa, na mtoto wake ataendelea kuhudumiwa zahanati kama kawaida. Msingi wa ridhaa ya hiari Chama cha Madaktari Duniani kiliuweka kwenye Azimio la Helsinki mwaka 1964. Halijawahi kuwa jambo la kujaza fomu.

YOHANA: Na ukikuta mtoto anaumwa njaa mbele yako?

NEEMA: Kamati itakuuliza hilo, na jibu liwemo kwenye andiko. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye mzingo wa mkono chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Humpimi ukaingiza namba kwenye kishkwambi ukaondoka. Unamwandikia rufaa, unampigia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, unahakikisha amefika. Kama madodoso yatachelewa siku hiyo, yachelewe.

YOHANA: Mimi ningeongeza mrejesho. Kanuni nyingi zinaishia kwenye nakala iliyojalidiwa ya maktaba. Wale akina mama waliokupa asubuhi zao hawafiki maktaba. Tangu unaandika bajeti, weka nauli ya kurudi kijijini na karatasi moja ya Kiswahili yenye matokeo, kwa mtendaji na kwa zahanati.

NEEMA: Na uombe nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, uyasome mwenyewe, waulize maswali.

YOHANA: Watauliza magumu kuliko watahini.

NEEMA: Waulize. Wenye maandiko yaliyokwama kwenye hesabu ya sampuli, tutumieni mada na wilaya yenu, kipindi kijacho tutapiga hesabu hizo pamoja.