Setilaiti Haioni Dagaa

FATMA: Hamjambo na karibuni. Tuko Malindi, kando ya pwani wanakoshushia samaki, na kelele mnazosikia ni za watu wanaowagombania. Shikamoo, Ami Athman.

ATHMAN: Marahaba, mwanangu. Haya, umenambia setilaiti yaona samaki. Mimi miaka arobaini baharini, dagaa simwoni mpaka wavu uinuke.

FATMA: Haiwaoni, ami! Inaona rangi ya maji tu. Kuna vijimea vidogo mno vinavyoelea, vina klorofili, ule ukijani wa majani. Vikizidi, buluu ya bahari huingia ukijani. Setilaiti ya Marekani iitwayo Aqua ilianza kupima hayo 2002. Sentinel-3 za Ulaya zinatenganisha mpaka vipande vya mita 300. Na hupimwa joto la maji ya juu pia, maana maji baridi yakipanda kutoka chini huja na rutuba. Vijimea vinastawi, vidudu vinavila, samaki wadogo kama simsim na dagaa wanafuata vidudu.

ATHMAN: Na jodari amfuata simsim. Mwisho wa mlolongo huo mimi nausoma kwa shakwe. Ukiwaona wamekusanyika wanajitupa majini, geuza usukani.

FATMA: Lakini shakwe anakuonyesha samaki waliokwisha kufika. Vijimea vikichanua leo, dagaa huenda wakaja baada ya siku kadhaa, au wiki. Ramani inayochorwa kwa vipimo hivyo ni kama kuona moshi jikoni, pilau bado.

ATHMAN: Na Sabaki je? Ikinyesha bara, mto wamwaga tope, bahari yote hapa nyekundu.

FATMA: Hapo setilaiti inadanganyika hasa. Kompyuta husoma klorofili palipo na udongo. Ramani huaminika zaidi nje, kama kule North Kenya Banks, miinuko ya chini ya bahari kaskazini mwetu, ambako wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia unakutana na huu wetu unaopanda kutoka kusini.

ATHMAN: Huko nje, kwa mashua ya tanga? Basi ramani ni ya wenye injini kubwa.

FATMA: (anacheka) Umenibana. Wahindi wamejaribu kulitatua hilo: taasisi yao ya INCOIS huwatumia wavuvi taarifa za maeneo yenye dalili ya samaki, kwa lugha zao, hata kwenye mbao bandarini. Mtu anajua aelekee wapi kabla ya kuchoma mafuta.

ATHMAN: Na sisi tuna Ngomeni hapo! Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka baharini, 1970, wakaiita Uhuru.

FATMA: Ile ilikwenda kutazama miale ya nyota, ami.

ATHMAN: Ndiyo nasema. Nyota, si simsim. Haya, nionyeshe ramani ya leo.

FATMA: (anafungua simu) Aa. Nyeupe tupu. Mawingu ya kusi yameifunika bahari.

ATHMAN: Ya jana?

FATMA: Nayo hivyo hivyo. Na juzi.

ATHMAN: Basi alfajiri natoka na macho yangu. Wewe na simu yako nisubirini hapa, na chai iwe tayari.