Westlife Walitokaje Sligo? Leo Nawajibu, Msiniulize Tena

Haya jamani, kila nikiweka video ya Ireland, chini nakuta swali lilelile: Westlife, lile kundi la waimbaji wa Ireland, walitokaje? Nikijibu mtasema naringa kwa kuwa niko huku. Nikitaja pesa, mtasema nalalamika. Semeni tu. Wimbo wao My Love mnaujua, siimbi.

Sligo ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Ireland. Kian, Mark na Shane walianza na wenzao watatu, wakajiita IOYOU. Mama yake Shane ndiye aliyemtafuta Louis Walsh, meneja wa Boyzone, kundi jingine la waimbaji wa Ireland. Mama huyo na Louis wote asili yao Kiltimagh, mji wa kule kaunti ya Mayo. Konekisheni ilikuwepo, tusidanganyane. Lakini iliwafikisha mlangoni tu. Simon Cowell, mtu wa lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya Uingereza, aliwasikiliza akawakataa, akataka baadhi watolewe. Wale watatu wengine wakaachwa, usaili ukafanyika Dublin, wakaingia Brian McFadden na Nicky Byrne, aliyewahi kuwa kipa wa vijana Leeds United. Walioachwa hakuna hata mmoja wenu anayewaulizia, na hilo linanikera.

Jina nalo likagoma. Walikuwa Westside, kumbe lina wenyewe, ikabidi wawe Westlife kabla ya singo ya kwanza. Ninyi wenye makundi, ulizieni jina kabla hamjachapisha fulana.

Aprili 1999 Swear It Again ikaingia namba moja Uingereza, na singo zote 7 za mwanzo zikafika hapohapo. Ya 8, Desemba 2000, ikakwama namba mbili nyuma ya Bob the Builder, fundi wa katuni! Na mtindo wao mnaujua: wamekaa kwenye stuli, kiitikio cha mwisho sauti inapandishwa, wanainuka wote kwa pamoja.

Sasa pesa. Kwa kawaida, fedha ya kuanzia ya lebo ni kama mkopo: gharama za studio na sehemu ya gharama za video hukatwa kwenye mgawo wenu kwanza, kisha kinachobaki mnagawana watano, na meneja ana asilimia yake. Swear It Again waliitunga Steve Mac na Wayne Hector, kwa hiyo mrabaha wa utunzi, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo unapotumika, ni wao, siyo wa waimbaji. Shane alitangazwa kufilisika 2012, mwaka uleule waliowaaga mashabiki kwenye uwanja wa Croke Park, Dublin. Madeni ya biashara ya majengo ndiyo yaliyomzamisha.

Mimi siyo mwanasheria, na mkataba wa mwenzio siyo wako. Ila ukiletewa karatasi, anza na ukurasa wa makato, kisha tafuta palipoandikwa jina la kundi ni mali ya nani.